Swali la Saba

Sitatunga, Kitale
12 Februari 2025

Kwa Nasike,

Salamu nyingi. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanangu Muchiri na yule wajina wangu, Mwihaki mdogo. Huku tuko. Ng'ombe mweupe amezaa ndama dume. Mvua bado.

Umenipigia simu mara nyingi tangu tumzike Baba Muchiri na sijapokea. Usidhani simu imeharibika. Nilikuwa naona jina lako nikiilaza kifudifudi mezani mpaka inyamaze. Kwa simu nitalia au nitakutukana, na yote mawili hayatanisaidia. Kwa karatasi naweza kukata neno na kuandika lingine. Shule yangu iliishia kidato cha pili lakini kuandika naweza.

Jumatatu alikuja mtu kutoka hospitali yenu, kijana wa tai, na gari. Alileta unga, sukari na karatasi. Alisema pole mara nne. Karatasi ina kurasa tatu, na nimezisoma kwa miwani ya Baba Muchiri kwa sababu yangu ilivunjika siku ya mazishi. Inasema mashine yenu ya kupanga wagonjwa "ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa", na kwamba "muuguzi wa zamu hakutumia uamuzi wake wa kitaaluma". Muuguzi wa zamu ni wewe. Wanataka nitie sahihi kwamba nimeelewa na nimeridhika, ili jambo lifungwe. Nikitia sahihi, kijana alisema, wewe utapelekwa mbele ya baraza la wauguzi na huenda ukanyang'anywa leseni. Alilisema hilo kama mtu anayeniletea zawadi. Wamenipa mpaka mwisho wa Aprili.

Sasa nakuuliza, na nataka jibu la kuandikwa. Mume wangu alitoka hapa Jumatano akitembea, na gunia la viazi na kabichi sita za mtoto wako. Alhamisi saa nne asubuhi Muchiri alimwacha hospitalini kwenu akishika tumbo, akaenda kufundisha kwa sababu alisema, "Nasike yuko pale." Ijumaa asubuhi nikapigiwa simu kwamba amefariki, ati kidonda cha tumbo kilitoboka. Wewe ni nesi wa miaka tisa. Ulikuwa pale. Ni nini kilifanyika?

Mama Muchiri


Bungoma
17 Februari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Sisi ni wazima wa mwili. Mwihaki mdogo ameng'oka jino la mbele na amelihifadhi kwenye kiberiti, anasema babu yake, Guka, alitaka kuliona. Sijajua la kumwambia.

Asante kwa kuandika. Nami nitakuandikia yote.

Ile mashine ililetwa mwaka juzi. Ni kishikwambi kikubwa kilichofungwa kwenye meza ya mapokezi. Tuliambiwa ni akili mnemba, imesoma mafaili ya wagonjwa wengi kuliko daktari yeyote. Mgonjwa akifika, inatoa maswali kumi na mawili, nesi anajaza majibu, kisha rangi inatokea. Nyekundu, aonwe sasa hivi. Manjano, ndani ya saa moja. Kijani, akakae kwenye benchi. Ukikataa rangi yake lazima utoe sababu, na sababu zimo kwenye orodha, huwezi kuandika yako. Kila Jumatatu karatasi inabandikwa ukutani yenye jina la kila nesi na mara ngapi amekubaliana na mashine. Ndiyo maana tunaiita Kiranja, kama yule wa shuleni wa kuandika majina ya wapiga kelele.

Si wote wanaoichukia. Derrick, yule afisa kijana wa kliniki, anaipenda. Ilimwonyesha kifua kikuu kwenye picha aliyokuwa ameipita, na ni kweli, nilikuwepo, yule mgonjwa anaishi mpaka leo. Matroni Linah huifunika na leso akila chakula cha mchana, ati hataki kutazamwa akitafuna. Sisi wengine tunakaa nayo kama mtu anavyokaa na jirani wa kupeleka maneno.

Baba alifika saa nne na dakika kumi. Kiranja akauliza, Baba akajibu. Maumivu, kuanzia moja hadi kumi? Akasema, "Kidogo tu. Andika mbili." Wewe unamjua. Rangi ikawa kijani, akaenda kukaa benchi. Kulikuwa na watu zaidi ya hamsini na mimi peke yangu. Saa tisa akaanguka. Walipomfikisha chumba cha upasuaji ilikuwa jioni.

Mama, tafadhali usitie sahihi. Kilichomuua Baba ni ile mashine na watu walioileta. Walitufunga midomo kwa alama za ukutani, na sasa wanatafuta wa kumtwika lawama, na mimi ndiye niko karibu. Nikiipita ile meza asubuhi natamani kuivunja kwa kiti.

Binti yako,
Nasike


Sitatunga
22 Februari 2025

Nasike,

Sisi ni wazima, na nyinyi muwe hivyo. Nimepata barua yako. Nimeisoma mara nne na kila mara nimekasirika zaidi.

Habari za mashine umeniandikia karatasi nzima. Habari za mume wangu ni mistari michache. "Kiranja akauliza, Baba akajibu." Wewe ulikuwa wapi?

Unamjua yule mtu. Mwaka ule jembe lilipomkata kidole cha mguu aliingia jikoni akaomba kitambaa kama mtu anayeomba kiberiti. Nilipomwuliza akasema ni kidogo tu, na kiatu kimejaa damu. Siku ya harusi yenu alikuwa na malaria na akacheza na mama yako mpaka mwisho. Mtu kama huyo anaulizwaje kwa namba? Hata ungemwuliza akiwa kwenye jeneza angesema mbili.

Nakumbuka Krismasi ya mwaka juzi, dada yangu Waithera alipokuja akilalamika kiungulia. Ulimlaza kwenye kochi langu, ukasugua mikono kwanza ipate joto, ukambonyeza hapa na hapa, ukasema aende hospitali leo, si kesho. Wakamkuta na mawe kwenye nyongo. Baba Muchiri alijisifu kwa majirani wiki nzima, mkwe wangu hivi, mkwe wangu vile. Hukuwa na kishikwambi siku hiyo.

Daktari aliyempasua alimwambia Muchiri kwamba tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Hata mimi ningejua. Kwa hiyo nakuuliza jambo moja tu. Tumbo la mume wangu, ulilishika?

Usiniandikie tena habari za Derrick na leso ya matroni. Ukinyamaza nitatia sahihi.

Mama Muchiri


Bungoma
19 Machi 2025

Mama,

Nakusalimu, na ninaomba barua hii ikukute na nguvu. Najua nimekaa karibu mwezi. Nimeianza mara nyingi na kuichoma jikoni.

Sikulishika.

Swali la saba linasema: bonyeza tumbo, je, ni gumu? Sikubonyeza. Nikajaza La.

Unajua nilivyolelewa kule Matulo. Kwetu msichana akiolewa, hamgusi baba mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye kiti kimoja, na habari ya kumfunua nguo tumboni sina hata maneno ya kuisema. Baba alikuwa Mkikuyu, hakulazimika kuyafuata ya kwetu. Lakini aliyafuata tangu siku ya kwanza, bila kuambiwa na mtu. Mwihaki mdogo alipozaliwa hakumpokea kutoka mikononi mwangu. Alingoja nimlaze kitandani, nikatoka, ndipo akaingia akamchukua. Mama yangu alipoliona hilo alilia.

Siku ile alipokaa mbele yangu alitazama ukuta. Mimi nilitazama kioo. Nikamwambia, "Baba, kuna swali la tumbo." Akasema, "Andika tu, mwanangu. Si mashine ndiyo inajua?"

Nikaandika. Na kitu kinachonikaa kooni ni kwamba nilishukuru. Nilishukuru kwamba ile mashine ipo, mimi ambaye nimeitukana miaka miwili. Nilijificha nyuma yake.

Sasa nitakwambia na lingine, na usidhani najitetea. Zamani pale mezani tulikuwa wawili, mimi na Nyaruai. Akija mkwe wangu, au mtu ambaye sifai kumshika, nilimgusa Nyaruai bega tu. Hakuuliza. Alisimama, tukabadilishana viti, nikaendelea na mgonjwa wake. Naye akiletewa mchungaji wao alinigusa mimi. Manesi wote wa huku hufanya hivyo. Hakuna kitabu kilichoandika, na hakuna mgonjwa aliyewahi kukosa kushikwa kwa sababu hiyo. Mashine ilipokuja, Nyaruai akaambiwa mkataba wake umeisha, ati mashine ndiyo mwenzangu sasa. Yuko Bumula anauza dawa za mifugo. Asubuhi ile, Mama, ningemgusa nani bega?

Saa sita nilipita kwenye benchi nikamwona ana jasho juu ya mdomo, na hakukuwa na joto. Nikajua. Nilirudi kubadilisha rangi. Orodha ya sababu ikatokea: ajali, mjamzito, mtoto mchanga, anavuja damu, amezimia. Hakuna mahali pa kusema namjua mtu huyu, hasemi ukweli kuhusu maumivu yake. Na mimi wiki ile nilikuwa wa mwisho kwenye karatasi ya ukutani. Nilikuwa nimeitwa ofisini mara mbili, na mara ya tatu ni kwenda nyumbani. Nikasema nimpe saa moja. Nikampa tatu.

Derrick alikuwa chumba cha pili. Ni hatua kumi na tano. Sikumwita, kwa sababu ningelazimika kumwambia kwamba nilijaza jibu nisilokuwa nalo.

Hakuna anayelijua hili ila wewe. Kwenye kompyuta kuna La tu, na kila mtu anaamini nilibonyeza nikakosea. Muchiri hajui. Analala sebuleni tangu mazishi na bado hajui.

Tia sahihi ukitaka. Sitakulaumu.

Mkweo,
Nasike


Sitatunga
24 Aprili 2025

Nasike,

Salamu kwako na kwa mtoto. Mvua imefika na tumepanda. Afya yangu ni ya mtu mwenye hasira: nakula, naamka, sisikii ladha.

Nilipomaliza barua yako nilienda shambani nikafukia mashimo safu mbili nzima bila kuweka mbegu hata moja. Fundi wa trekta alinicheka. Nimezipima hizo hatua kumi na tano hapa uani. Zinatoka mlango wa jikoni mpaka kwenye tangi. Mtoto anayeanza kutembea anazimaliza.

Nimemkasirikia na Baba Muchiri. Ati mashine ndiyo inajua. Yeye ambaye hakuamini mizani ya mnunuzi yeyote, kila msimu alibeba yake begani mpaka sokoni. Siku moja ya kubisha ilipofika, akatazama ukuta. Naongea naye nikikamua, na simwambii maneno mazuri.

Jumanne nilikuja Bungoma. Sikuja kwako. Nilienda hospitalini moja kwa moja, nikakaa kwenye lile benchi. Nesi alikuwa mmoja, msichana mgeni, mstari umefika nje, naye hakuinua macho kutoka kwenye kile kioo kwa sababu hakupata nafasi. Mzee mmoja karibu nami aliulizwa maumivu akasema anaendelea vizuri. Nilitaka kusimama nimpige.

Kijana wa tai alinipokea kwa chai. Nilimwuliza kwa nini nesi ni mmoja. Akasema mfumo umepunguza kazi. Nikamwuliza, nesi akiletewa baba mkwe wake, anafanyaje? Hakuelewa, nikamweleza taratibu, kama unavyonieleza wewe. Alinisikiliza akitabasamu.

"Mama, mashine haina mkwe," akasema. "Si hiyo ndiyo faida yake?"

"Mume wangu alikuwa naye," nikamwambia.

Sikumtajia swali la saba. Hilo si langu kulitoa. Karatasi yake niliirudisha bila sahihi, na nyuma nimeandika kwa kalamu: Nesi wa pili yuko wapi? Akasema hakuna nafasi ya swali kwenye fomu ile. Nikamwambia ndiyo maana nimeandika nyuma. Akaniuliza kama kuna mtu amenifundisha kusema hivyo.

Sasa wewe. Usifikiri kwa kuwa nimewakasirikia wao nimemaliza hasira. Nenda ukawaambie. Kwa maandishi, kwa jina lako, kwamba tumbo hukulishika na La uliiandika hivihivi. Na kwenye karatasi hiyohiyo uandike habari ya Nyaruai na bega. Ukiandika moja ukaacha nyingine, umedanganya. Na kabla ya kuwaambia wao, mwambie Muchiri. Ni baba yake.

Usipofanya hivyo usije kwangu, hata kwa mazishi yangu.

Mama Muchiri


Bungoma
8 Mei 2025

Mama,

Natumai u mzima na mahindi yameota vizuri. Sisi tupo. Mtoto anakuulizia kila siku.

Nilimwambia Muchiri Jumapili baada ya kanisa. Alitoka akatembea mpaka giza, akarudi, akala. Hajanitukana. Tunaongea maneno ya chumvi na maziwa tu.

Jumatano nilisimama mbele ya wakubwa wa hospitali. Walikuwa wanne. Nilisoma ukurasa wa kwanza, wa swali la saba, na waliandika kila neno. Nilipofika ukurasa wa pili, wa Nyaruai, yule wa tai aliweka kalamu chini. Nilipomaliza akaniambia ukurasa wa kwanza unatosha, niutie sahihi huo. Nikakataa. Nikasema ni zote mbili au hakuna. Akasema mila za nyumbani si jambo la hospitali.

Mama, hapo nilipandisha sauti. Nikamwuliza yeye anadhani wagonjwa wanatoka wapi kama si nyumbani.

Matroni Linah alikuwa amekaa nyuma kama shahidi. Hakuwa ameulizwa kitu. Akasimama akasema, "Hata mimi nimebadilishana viti. Miaka ishirini na minane. Mniandike na mimi." Akaketi. Derrick alinifuata nje kwenye maegesho, macho mekundu. "Ungeniita tu, bana," akasema. "Mimi si mashine. Ungeniita." Aliondoka bila kuniaga.

Nimesimamishwa kazi, na faili langu linaenda kwenye baraza. Kiranja bado yuko mezani na karatasi bado inabandikwa Jumatatu. Lakini nasikia leo asubuhi Linah amehamisha kiti chake kutoka ofisini akakiweka pale mapokezi, kando ya yule msichana mgeni. Hakuna aliyemtuma. Amewaambia wamtoe wakitaka.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu ujue nimefanya ulivyosema.

Nasike


Sitatunga
18 Mei 2025

Nasike,

Salamu kwenu nyote watatu. Nimepokea barua yako, na Muchiri amenipigia. Nilipokea. Alilia na mimi nikalia, kisha tukaongea habari za mbolea.

Kijana wa tai alirudi juzi na karatasi mpya. Hii ni fupi. Swali la saba limo, na jina lako limo mara tano. Nyaruai hayumo, na lile swali langu la nyuma hawakulijibu. Ofisi ina mashine ya kusoma mafaili ya watu wote na haikuweza kusoma mstari mmoja wa mkono wangu. Alinipa kalamu yake. Akaniambia sasa nina ukweli wote, mkwe wangu amekiri mwenyewe, sina sababu ya kuendelea kumhurumia.

Nikamwambia simhurumii. Nikamwambia nina hasira naye ambayo yeye hajawahi kuiona kwa mtu. "Lakini ni hasira ya nyumba hii," nikasema. "Siwezi kukupa wewe uende ukafunikie meza yenu."

Hakuelewa. Akaniuliza tena kama natia sahihi. Nikamrudishia kalamu. Sijatia, na sitatia. Wakitaka kukupeleka kwenye baraza wakupeleke bila jina langu, na siku hiyo wakiniita nitakuja, na nitasema uliyoyafanya wewe na waliyoyafanya wao, na sitapunguza hata moja.

Mahindi yamefika magotini na magugu hayajabaki nyuma. Wewe huna kazi na mimi sina mtu. Njoo Jumamosi na mtoto. Utalala chumba cha nyuma. Ukianza kuniomba msamaha nitaingia ndani nifunge mlango, kwa hiyo usianze. Siku nitakayoweza kukaa nawe meza moja nitakwambia mwenyewe, na sijui ni lini.

Kwa sasa tutapalilia. Wewe utaanzia upande wa barabara, mimi nitaanzia upande wa mto.

Mamako